Silabi ya Mwisho na Fundi Mitambo

Shairi la Kiswahili lina udhaifu mmoja ambao washairi huujua kwa masikio kabla hawajaujua kwa kanuni. Mkazo wa neno katika lugha hii hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika neno bahari, sauti hupanda kwenye ha na kutua kwenye ri. Katika neno mapenzi, hupanda kwenye pe na kutua kwenye nzi. Kina nacho makao yake ni hapo kwenye kutua. Yaani pambo ambalo mtunzi amelihangaikia usiku kucha limewekwa pale pale pumzi ya msemaji inapopungua. Barazani jambo hili halina madhara, maana msikilizaji yu hatua tatu tu kutoka kwa msomaji, na hata kikinong'onwa, kina humfikia. Lakini shairi likipandishwa jukwaani, likapitishwa kwenye nyaya, kwenye miksa na kwenye spika, silabi hiyo ndiyo ya kwanza kuzama. Kinanda huifunika, besi huimeza, na upepo wa bahari huchukua kilichosalia. Ifike au isifike kwa bibi aliyekaa mkeka wa nyuma, hilo huamuliwa na mtu ambaye jina lake halimo kwenye bango la tamasha: fundi mitambo.

Mwambao wa Kilwa na Lindi ni mahali panapofaa kulitazama jambo hili, kwa kuwa sauti ya mwanadamu imepewa heshima huko tangu enzi ambazo nguvu yake pekee ilikuwa kifua na koo. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulipanuliwa katika karne ya 14 kwa safu za nguzo, mapaa ya mviringo na makuba. Mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa ni kitu kigumu, na kitu kigumu hairudishi sauti kwa ubahili. Anayesoma taratibu ndani ya jengo la namna hiyo husaidiwa na kuta. Anayeharakisha hujikuta neno lake la pili likigombana na mwangwi wa lile la kwanza. Jengo lenyewe humfundisha msomaji kusubiri. Baadaye, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliochapishwa Ujerumani mwaka 1933 na kutolewa tena mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Utenzi, kama ajuavyo kila mpenzi wa fani hii, hufungwa na kina kimoja kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Ukikipoteza kina hicho masikioni mwa watu, kinachobaki ni habari ya vita tu, utenzi umekwisha.

Umeme ulikuja na ahadi yake. Siti binti Saad alikuwa amekwisha kujulikana kwa sauti isiyosaidiwa na chombo chochote alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Baada yake vikaja vipaza sauti na redio. Katika miaka ya 1960 vilabu vya Tanga kama Black Star na Lucky Star viliingiza magitaa ya umeme katika taarabu, na watu wa mwambao mzima wakayapenda. Katika miaka ya 1990 kinanda cha umeme kikashika nafasi iliyokuwa ya fidla, ganuni na akodioni katika makundi mengi, na taarabu ya kisasa ikasafiri kwa kanda hadi miji midogo ya kusini. Tangu hapo, wimbo umekuwa na wazazi watatu: mtunzi, mwimbaji na fundi. Wawili wa mwanzo huandikiwa sifa. Wa tatu hukumbukwa siku spika zinapopiga mluzi.

Haifai kumdharau. Fundi wa miji hii aghalabu hakukaa darasani kusomea kazi yake. Alianza kwa kubeba nyaya za mwenzake, akajua kuchomea soketi zilizoliwa na chumvi ya hewa ya pwani, akajifunza kuisikia jenereta inapotaka kuzima kabla haijazima. Mbele yake ana miksa yenye chaneli 8 au 12, na kwenye kila chaneli vimepangwa vitufe vingi vya kuzungusha, na chini kabisa kitelezi cha kusukuma juu na chini. Mgeni akivitazama huingiwa na kizunguzungu. Hata hivyo, vyote hivyo vinajibu maswali matatu tu, nayo ni maswali ambayo mshairi yeyote angeweza kuyauliza: neno liwe kubwa kiasi gani? Liwe na umbo gani? Na mwenye kulisema, je, anajisikia?

Swali la kwanza ni la kiwango. Juu kabisa ya chaneli pana kitufe kinachopima ni sauti kiasi gani ya kipaza sauti iruhusiwe kuingia, na mafundi hukiita gaini. Kikifungwa mno, sauti huingia nyembamba, na fundi akija kuikuza baadaye huikuza pamoja na mvumo wa mitambo yenyewe. Kikifunguliwa mno, taa nyekundu huwaka, na sauti huchanika kama kitambaa. Kipimo cha haki hupatikana mwimbaji akiimba kwa nguvu ile ile atakayoitumia usiku, taa nyekundu isiwake ila kwa nadra mno. Hapa ndipo desturi moja inapoleta hasara. Vipaza sauti karibu vyote hujaribiwa kwa kusema, "Halo, halo, moja, mbili, tatu." Maneno hayo hayana s wala sh, hayana th wala dh, na husemwa kwa sauti ya mtu anayemwita jirani. Yanathibitisha kwamba waya haujakatika, basi. Heri fundi amwombe mwimbaji ubeti mmoja kamili wa wimbo wenyewe, na azisikilize silabi za mwisho kuliko za mwanzo.

Baada ya gaini huja kitelezi, na kitelezi ni suala la nani atangulie. Makundi mengi hupanga ngoma kwanza, halafu besi, halafu kinanda, na mwimbaji huja kutafutiwa nafasi juu ya mlima uliokwisha kujengwa. Njia pekee ya kumfikisha kileleni ni kumpandisha zaidi, kisha kinanda hulalamika na kupandishwa, kisha besi. Saa mbili baadaye kila kitu kiko juu na hakuna kinachosikika. Mpango wa kinyume hauhitaji chombo kipya: sauti ya mwimbaji iwekwe kwanza, peke yake, mpaka kila kina kisikike kutoka mwisho wa uwanja, kisha ala ziingie moja moja chini yake, na kila inayoingia iulizwe kama imefunika kitu. Wahenga walikwisha sema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Wimbo uliojaa maana hauna haja ya kushindana na debe.

Uwanja wenyewe una hesabu zake. Mahali pa wazi, kila masafa yanapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Mtu aliyekaa mita 4 kutoka kwenye spika na mwingine aliyekaa mita 32 wametengana kwa desibeli 18, na hiyo si tofauti ndogo. Fundi akitaka kumfikia wa nyuma kwa kuongeza nguvu peke yake, humwumiza wa mbele, na wa mbele katika sherehe za pwani huwa ni watoto. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya ya masikio ni kwamba desibeli 85 zinavumilika kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hukatwa nusu. Kwenye desibeli 100 zimebaki dakika 15. Wimbo mmoja wa taarabu huweza kuzimaliza. Dawa nafuu ni kuziinua spika juu ya vichwa na kuzielekeza kwenye safu za nyuma, ili walio karibu wapitiwe juu na walio mbali wafikiwe.

Halafu kuna upepo. Mabaharia wa Kilwa walijua kuupangia safari. Fundi naye hana budi kuupangia jukwaa. Upepo ulio karibu na ardhi huchelewa kwa kujisugua na miti na nyumba, ule wa juu huenda kasi. Kwa sababu hiyo sauti inayokwenda kinyume cha upepo hupinda kuelekea juu na kupita vichwani mwa watu, na ile inayofuatana na upepo hupinda kuwashukia. Wakati wa kusi, jukwaa lililoupa upepo mgongo hupeleka neno mbali bila kuongeza hata uzi mmoja wa nguvu. Jukwaa lililougeukia upepo hulipa deni lake kwa mafuta ya jenereta.

Swali la pili, la umbo, ndilo la ikwalaiza. Chombo hiki hugawa sauti kwa tabaka, kutoka mvumo mzito hadi mlio mwembamba, na kumruhusu fundi kupunguza au kuongeza kila tabaka. Hapa ushairi na ufundi hukutana uso kwa uso. Nguvu ya sauti ya mwanadamu imo kwenye irabu, na irabu hukaa chini na katikati. Lakini maana za maneno hutenganishwa sana na konsonanti, na baadhi ya konsonanti hukaa juu kabisa, ni pumzi tu zinazopita kwenye meno. Kuna thamani na kuna samani. Kuna mgeni anayekuzuru na kuna mgeni anayekudhuru. Mwimbaji akasema la kwanza na spika zikatoa la pili, mtunzi ametukanwa hadharani na hana wa kumshtaki.

Kwa hesabu za mafundi, chini ya hezi 80 hadi 100 hakuna kitu cha maana katika sauti ya mwimbaji. Kuna vishindo vya jukwaa na upepo unaokipuliza kipaza sauti. Miksa nyingi zina kitufe cha kukata sehemu hiyo, na kwenye mji wa bahari kitufe hicho kingefaa kubonyezwa kabla ya vingine vyote, pamoja na kukivisha kipaza sauti kofia ya sponji. Kati ya hezi 200 na 400 hukaa uzito unaoifanya sauti isikike kama inatoka ndani ya mtungi. Ukipunguzwa kidogo, neno hujitokeza. Kati ya hezi 2,000 na 4,000 ndipo ufasaha ulipo. Juu yake, karibu na hezi 5,000 hadi 8,000, ndipo s na sh zinapong'ata. Simu za kizamani zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, zikaitupa besi yote na wembamba wote, na bado watu waliposana, walioana na kugombana kwa simu hizo. Maneno hukaa katikati.

Na katikati ndipo panapochimbwa shimo. Mtindo uliozoeleka ni kuipandisha besi mpaka kifua kitetemeke, kuupandisha wembamba mpaka matoazi yang'ae, na kuushusha ukanda wa kati, vitelezi vikajipanga mfano wa kamba ya kuanikia iliyolegea. Muziki wa kucheza hupendeza hivyo. Shairi huanguka ndani ya lile shimo. Fundi mwenye busara hafanyi hivyo kwenye chaneli ya mwimbaji. Na akiona sauti haijitokezi, haanzi kwa kuiongeza, huanza kwa kupunguza kwenye kinanda kile kile ukanda ambao mwimbaji anauhitaji. Ni adabu ya barazani iliyohamia kwenye mitambo: mkubwa akisema, wengine hawaondoki, hunyamaza kidogo.

Swali la tatu ndilo husahauliwa kuliko yote. Spika kuu zimewageukia watu. Mwimbaji yuko nyuma yake, na kinachomrudia ni vumbi la sauti yake, limechelewa na limechanganyika. Kwa ajili yake huwekwa spika ndogo sakafuni iliyomgeukia, iitwayo monita. Mahali ambapo vifaa ni haba, monita ndiyo ya kwanza kukopeshwa kwa hadhira, kwa hoja kwamba watu wamekuja kumsikia mwimbaji, yeye hakuja kujisikia. Hoja hii ina upungufu ambao sayansi iliueleza zamani. Mwaka 1911 tabibu wa Kifaransa, Étienne Lombard, aliandika kwamba mtu aliyezungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kukusudia. Mwimbaji asiyejisikia hupaza. Akipaza, koo hukaza. Koo likikaza, tuni humtoka na silabi za mwisho hukatwa ili pumzi iwahi mshororo unaofuata. Kwa hiyo monita iliyonyimwa mwimbaji imenyimwa hadhira pia, maana kinachoharibika jukwaani hakuna kitufe cha kukitengeneza.

Kuipanga monita kuna kanuni chache. Vipaza sauti vingi vya waimbaji husikia mbele na kuziba masikio nyuma. Hivyo monita ikae nyuma kabisa ya kipaza sauti, ikimtazama mwimbaji usoni, na mluzi utakuwa mbali. Mwimbaji asikifumbate kichwa cha kipaza sauti kwa kiganja, kwani kufanya hivyo hukizibua masikio ya nyuma. Sauti inayokwenda kwenye monita ichukuliwe kabla ya kitelezi, ili fundi anapomshusha au kumpandisha mwimbaji kwa ajili ya watu, mwimbaji mwenyewe asiyumbishwe. Na ndani ya monita asitiwe kila mtu. Mwimbaji anahitaji sauti yake, na ala moja ya kumshikilia tuni. Udi mmoja watosha kumwonesha njia.

Huenda mtu akauliza: mashairi yanahusikaje na haya? Yanahusika kwa sababu mtunzi ni mtu mwenye masikio. Katika taarabu, msikilizaji huinuka kwenda kumtunza mwimbaji pale fumbo linapomgusa. Noti inayoshikwa juu kwa vidole viwili ni uhakiki, husema, "Neno hili ni langu." Fumbo lisiposikika, watu huinuka kwa mdundo, na mtunzi aliyekaa pembeni huliona hilo usiku baada ya usiku. Polepole huanza kuandika kile ambacho mitambo haiwezi kukiua: kibwagizo kifupi, neno moja kubwa linalorudiwa mara kumi, kijembe kisichohitaji kina. Wahakiki kisha hulaumu kwamba watunzi wa siku hizi hawana kina, kwa maana zote mbili za neno hilo. Sehemu ya lawama hiyo ingestahili kupelekwa kwenye meza ya miksa. Shairi hujipima kwa chombo kinacholibeba, na chombo kikiwa hakibebi silabi ya mwisho, mwenye hekima haiwekei tena thamani yake hapo.

Wanaoumizwa zaidi ni wale ambao sauti zao haziwezi kupigana. Mwimbaji kijana ana kifua; hata akinyimwa monita atapita. Bibi anayejua nyimbo za harusi ambazo hakuna aliyeziandika, au mzee anayesoma utenzi kwa mahadhi aliyoyapokea utotoni, hana cha kupandisha. Sauti yake ni ndogo na imejaa. Akipewa kipaza sauti kilichopangwa kwa ajili ya kijana, akaambiwa akisogelee na apaze, atasoma beti tatu na kukirudisha, na watu watasema amezeeka. Fundi akimfungulia gaini taratibu, akamkatia mvumo wa chini, akamwekea monita karibu na kuzinyamazisha chaneli ambazo hazitumiki, mzee huyo atasoma beti mia. Tofauti ya kati ya beti tatu na beti mia ni dakika tano za kazi ya mkono.

Kwa hiyo wenye kuandaa hafla za mashairi na taarabu, kusini na kwingineko, wangefanya vyema kuanza na jambo dogo lisilo na gharama: kumpa fundi maandishi ya nyimbo na mashairi mapema, yakiwa yamepigiwa mstari kwenye vina. Asiyejua kinachosemwa atalinda kile anachokijua, nacho ni mlio. Anayejua kwamba mwisho wa kipande cha pili pana neno ambalo ubeti mzima umejengwa ili kulifikia, mkono wake utakuwa kwenye kitelezi kabla neno halijafika. Na mtunzi, badala ya kukaa safu ya mbele na wageni waalikwa, akae karibu na meza ya miksa, ambako wimbo wake hutungwa mara ya mwisho. Hapo atasikia kile wanachokisikia watu. Akisikia kina kinazama, atamgusa fundi bega. Akisikia kimefika mpaka mkeka wa nyuma, hatakuwa na haja ya kumwuliza mtu yeyote kama shairi limependeza.